Uzi: Kwa nini Snuff, bendi ya skeiti panki ya Uingereza, haikutajirika pamoja na wenzake wa California?

#1 MzeeKanda

Wakuu, salamu. Najua kwamba kwa wengi hapa neno "panki" ni mtindo wa kunyoa tu, pembeni kipara na katikati nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo, lakini leo nazungumzia muziki wenyewe, na hasa tawi lake liitwalo skeiti panki, yaani panki ya kasi kubwa yenye kuimbika, ambayo vijana wapanda skeitibodi waliifanya kuwa yao.

Bendi ya Snuff ilianzishwa Hendon, kaskazini mwa London, mwaka 1986. Duncan Redmonds alipiga dramu na kuimba kwa wakati mmoja, Simon Wells alishika gitaa na Andy Crighton besi. Kufikia mwaka 1990 watu hawa watatu tayari walikuwa na kila kitu ambacho miaka minne baadaye kiliwatajirisha Wamarekani: kasi, sauti zinazoitikiana, na nyimbo za dakika mbili ambazo ukizisikia asubuhi unazo mdomoni hadi jioni. Ulipofika mwaka 1994, Green Day wakatoa Dookie, The Offspring wakatoa Smash, na kila moja ya albamu hizo ikauzwa nakala zaidi ya milioni 10. Snuff hawakuwahi kutoka katika kumbi ndogo.

Dai langu ni kwamba kosa lilikuwa la majira. Bendi ilivunjika mwaka 1991. Ni sawa na mkulima aliyeuza jembe wiki moja kabla ya masika. Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 KipaSumbufu

Mleta mada, Snuff ninayoifahamu mimi ni wimbo wa Slipknot, na huo si wa kuimba hadi jioni bali ni wa kulia hadi asubuhi. Halafu, kama Kiingereza changu hakijanitupa, neno hilo maana yake ni ugoro. Kwa hiyo tunajadili bendi iitwayo Ugoro. Marehemu babu yangu angeipenda kabla hata ya kuisikiliza.

#3 Bi. Santuri

KipaSumbufu, wimbo huo wa Slipknot umo katika albamu ya mwaka 2008, na bendi hii ilikuwapo miaka 22 kabla yake. Kuhusu ugoro umepatia, ingawa wenyewe walilichezea jina lao kwa namna nyingine pia: albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1989, inaanza na neno "Snuffsaid", ambalo ukilitamka haraka unasikia usemi wa Kiingereza wenye maana ya "basi, yatosha, hakuna la kuongeza". Baada ya hapo wakaongeza mengine mengi sana, na jina zima limeandikwa kama neno moja lisilo na nafasi hata moja ndani yake. Nakala ninayo, na sijawahi kulisoma lote kwa pumzi moja.

Sasa nirudi kwenye #1. Mzee, masika yako yana kasoro. Ni kweli walivunjika mwaka 1991, lakini usidhani kwamba Duncan alikuwa amelala. Mwaka 1994 huohuo alikuwa na bendi nyingine, ambayo jina lake lina tusi na sitaliandika hapa, na kazi yao ilitolewa na Fat Wreck Chords, lebo ya San Francisco ya Fat Mike wa bendi ya NOFX. Maana yake alikuwa ndani ya nyumba yenyewe ambamo mvua ilikuwa inavuja. Kama ni jembe, hakuliuza; alikuwa analima shamba la jirani, na mavuno bado hayakuwa ya mamilioni. Majira peke yake hayatoshi kueleza jambo hili.

#4 Dada wa Leeds

Habari zenu. Mimi nimeishi Uingereza tangu mwaka 2003 na nina maelezo tofauti: utani wao haukuweza kuvuka maji.

Chukua jina hilo refu analolizungumzia Bi. Santuri. Mwishoni kuna maneno yanayosema kwamba unarudi nyumbani ndani ya "cosmic ambience". Msomaji wa California ataona ni maneno ya wavuta bangi. Mwingereza yeyote aliyewahi kukaa jukwaani anasikia mara moja wimbo wa mashabiki wa mpira wa kumtisha mgeni kwamba leo atarudi kwao ndani ya ambulensi. Ni kama mtu atunge jina la albamu kutokana na kijembe cha Simba na Yanga, kisha akakibadilisha herufi mbili tatu. Aliyekulia Kariakoo ataanguka kwa kicheko, na wa Toronto atauliza kuna nini. Kuna kazi yao nyingine ya mwaka 1997 ambayo jina lake lote ni sauti ya mchuuzi wa sokoni: viazi na matikiti, bei ya jumla, moja kwa moja kutoka stoo.

Lakini mfano mkubwa ni Flibbiddydibbiddydob ya mwaka 1990, ambayo ndani yake wamepiga kwa kasi ya panki nyimbo za matangazo ya biashara ya televisheni, ukiwamo ule wa Shake n' Vac, unga wa kunyunyizia zulia kabla ya kulifagia kwa mashine. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliniona nimeshika mashine ya zulia, akaweka kikombe chake cha chai chini, akashika fimbo yake kama maikrofoni na kuuimba wimbo huo wote, pamoja na kuzungusha kiuno kwa kadiri nyonga yake ilivyomruhusu. Mimi nilisimama tu, sijui kama nicheke au niite daktari. Miaka kadhaa baadaye kijana mmoja kazini alipopiga wimbo wa Snuff kwenye simu yake, nilimwambia, "Huu ni wa yule bibi!" Yeye akaniuliza bibi yupi. Sasa mtu wa Texas ataupataje utani huo bila kupita kwanza kwa bibi?

#5 FundiRedio

Asante, Dada wa Leeds, bibi huyo angestahili uzi wake mwenyewe. Hata hivyo, hoja ya utani ina tundu. Kuna bendi ya Sunderland iitwayo Toy Dolls, ambayo ni ya panki na ni ya mzaha mtupu kuanzia miwani yao hadi majina ya nyimbo. Mwaka 1984 waliuchukua wimbo wa watoto unaomhusu tembo aitwaye Nellie, wakaupiga mbiombio, na ukafika nafasi ya 4 katika chati ya Uingereza. Utani haukuwazuia hata kidogo. Na ajabu ni kwamba huyo Duncan wa Snuff amewapigia dramu Toy Dolls hao kwa miaka mingi sasa.

Utasema kwamba hiyo ni Uingereza na swali ni la Marekani. Sawa, lakini basi tuulize kwa nini Snuff hawakuwa wakubwa hata kwao. John Peel, mtangazaji wa muziki wa Radio 1 ya BBC, aliwaita studio mapema kabisa. Waliporudi pamoja katikati ya miaka ya 90, albamu ya Demmamussabebonk ya mwaka 1996 ilitolewa Uingereza na Deceptive, lebo iliyokuwa na bendi ya Elastica, nayo Marekani ikatolewa na Fat Wreck. Yaani walikuwa na mguu mmoja katika nyumba ya Britpop, lile wimbi la bendi za gitaa za Uingereza la miaka ya 90, wakati ambapo magazeti ya muziki ya London hayakuwa na nafasi ya kitu kingine, na mguu wa pili katika nyumba ya panki ya California. Maelezo yangu ni kwamba magazeti yale yalipenda bendi yenye nywele, mavazi na ugomvi wa kuandikwa. Watu wa Snuff walivaa kama watu waliotoka kubeba matofali. Mwandishi angewaandika nini?

#6 Kinanda cha Kanisa

Naomba nichangie kama mpiga dramu. Hakuna aliyegusa jambo ambalo mimi naliona la kwanza kabisa: mwimbaji wao amekaa nyuma.

Mapigo ya muziki huu yanakaribia 200 kwa dakika. Mkono wa kulia unakimbia juu ya toazi bila kupumzika, wa kushoto unajibu kwenye dramu ndogo kila baada ya mguu, na mguu wenyewe haukai. Nilijaribu kuimba huku nikipiga hivyo, katika ukumbi wetu wa mazoezi hapa Dodoma, siku ambayo kwaya haikuwapo. Maikrofoni lazima itoke kushoto kwa mkono wa chuma mrefu, kwa sababu kulia kuna toazi, na shingo inabaki imepinda kama ya mtu anayechungulia dirisha la jirani. Pumzi haipatikani pale unapoitaka bali pale mikono inapokuruhusu. Mstari wa tatu nilikuwa nimekwisha, na kijiti cha kushoto kilikuwa kimeruka hadi kwenye viti vya altho. Huyu bwana amefanya kazi hiyo usiku baada ya usiku tangu mwaka 1986.

Lakini fikiria upande wa mtazamaji. Mbele ya jukwaa hakuna kiongozi wa kumwangalia. Billie Joe wa Green Day anaruka, anakodoa macho, anamwagia watu maji. Kwa Snuff, sauti unayoipenda inatoka nyuma ya rundo la matoazi. Televisheni haiwezi kuuza kitu hicho.

#7 KipaSumbufu

Phil Collins aliimba akiwa amekaa kwenye dramu na alinunua kasri. Don Henley wa Eagles vilevile. Mkuu #6, tatizo huenda lilikuwa kile kijiti chako kilichoruka.

#8 Kinanda cha Kanisa

KipaSumbufu, Phil Collins alipoanza kuimba, kwenye maonyesho alisogea mbele na nyuma akamweka mtu mwingine wa kupiga. Henley alipiga taratibu kiasi kwamba angeweza kunywa chai katikati ya ubeti. Usilinganishe bodaboda na mkokoteni. Kijiti nimekipata.

#9 MtaaWaPili

Naingia kwa njia ya nyuma, kwa kuwa mimi muziki huu niliujua kwenye michezo ya PlayStation. Kulikuwa na kibanda mtaani kwetu Nakuru ambapo tulilipa kwa mchezo, na wakati wengine wote walitaka mpira, mimi nilitaka Tony Hawk's Pro Skater 2, ule wa mwaka 2000. Mwenye kibanda alikuwa ananiwekea saa za mchana tu, wakati hakuna wateja. Ndani yake kuna wimbo wa bendi ya Kiingereza iitwayo Consumed, ya Nottingham, ambayo nayo ilikuwa chini ya Fat Wreck. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni Wamarekani.

Hapo ndipo nina shaka na swali lenyewe. Skeiti panki ilitokana na mahali. California kulikuwa na ukame katikati ya miaka ya 70, mabwawa ya kuogelea ya majumbani yakaachwa makavu, na vijana wakayageuza viwanja vya skeiti. Hapo kuna jua, kuna saruji laini, kuna muziki wa kuendana navyo. Uingereza kuna mvua. Mahali maarufu zaidi pa skeiti London, Southbank, pamependwa kwa sababu pana jengo juu yake! Bendi inayotoka katika nchi ambayo mpanda skeiti anajificha mvua chini ya ukumbi wa muziki haiwezi kuwauzia watu ndoto ya jua. Snuff walikuwa panki tu. Neno "skeiti" walibandikwa baadaye.

#10 Bi. Santuri

MtaaWaPili, mvua umeikuza. Mwaka 1978 peke yake vilifunguliwa viwanja viwili vya saruji pembezoni mwa London: kimoja Harrow, ambako si mbali na Hendon, na kingine kiitwacho Rom, huko Hornchurch, ambacho mwaka 2014 kiliwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria. Vijana wa Hendon walikuwa na saruji ya kutosha.

Lakini umegusa jambo kweli kuhusu neno "skeiti". Kabla ya Snuff kutoa chochote, kulikuwa na The Stupids wa Ipswich, na hao ndio waliojitangaza waziwazi kuwa bendi ya skeiti. Mwaka 1986 walitoa Peruvian Vacation, na John Peel akawashika nao. Na sasa sikilizeni, hasa wewe #6: mwimbaji wao Tommy naye alikuwa mpiga dramu. Bendi mbili, kizazi kimoja, na wote wawili kiongozi amekaa nyuma. Tommy huyo, kwa jina Tom Withers, aliachana na panki akawa mtayarishaji wa muziki wa dramu na besi (drum and bass) anayejulikana kama Klute, na huko akaheshimika dunia nzima. Inaonekana dramu ilikuwa inampeleka mahali pengine tangu mwanzo.

#11 MzeeKanda

Ahsanteni, uzi umenoga kuliko nilivyotarajia. Naomba nieleze kwa nini nilianzisha.

Mwaka 1997 binamu yangu aliyekuwa akisoma London alinitumia Mombasa kanda ya dakika 90, ambayo upande A alikuwa amerekodi Demmamussabebonk na upande B ilibaki nusu ya hotuba za harusi ya dada yetu. Redio yangu wakati huo ilikuwa na mkanda wa mpira uliolegea, ikivuta kanda kwa kuyumba. Niliposikia nyuma ya magitaa kuna sauti inayotetemeka, inapanda na kushuka, niliamini kwamba redio imekufa. Nikaifungua kwa bisibisi, nikasafisha kichwa kwa pamba na spiriti, nikabadilisha mkanda ule wa mpira, nikairudisha. Mtetemo ukawa palepale. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba ni kinanda cha Hammond, kama vile vya makanisa, na kwamba pembeni yake kuna tromboni. Mimi niliyekulia na bendi za dansi zenye safu ya tarumbeta nilijiona mjinga.

Ndiyo maana nasema walikuwa na kitu ambacho wa California hawakuwa nacho. Katika albamu ya kwanza walipiga I Can See for Miles ya The Who, na mapenzi yao kwa muziki wa soul wa Marekani yanasikika katika kila wimbo wenye kinanda hicho. Hoja ya #3 kuhusu shamba la jirani naikubali nusu. Ile bendi yenye jina la tusi haikuwa Snuff. Snuff yenyewe, kama Snuff, haikuwapo sokoni mwaka 1994, na waliporudi foleni ilikuwa imejaa.

#12 KipaSumbufu

Yaani ulimfanyia upasuaji mgonjwa mzima.

#13 Dada wa Leeds

Na upande B je? Dada alijua kwamba harusi yake imefutwa nusu kwa ajili ya bendi ya Ugoro?

Niongeze jambo moja kwa #5. Umesema hawakuwa wakubwa kwao, lakini niliwaona katika ukumbi mdogo hapa, na watu wa makamo wenye vipara na magoti mabovu walijua kila neno la kila wimbo, pamoja na lile tangazo la zulia. Kijana mmoja alikuja na baba yake. Baba ndiye aliyerukia umati. Kijana alishika makoti.

#14 FundiRedio

Sikusema kwamba hawakupendwa, nilisema kwamba hawakuandikwa. Tena tumesahau Japani kabisa. Huko walisikilizwa kwa bidii kubwa, walirudi mara kwa mara, na Duncan ameimba baadhi ya nyimbo kwa Kijapani. Sasa hilo linaiua hoja ya #4, kwa sababu Tokyo hakuna bibi wa Shake n' Vac, na bado watu waliwapenda.

Pia tusihesabu kana kwamba ni jedwali la ligi. Andy Crighton, mpiga besi wa mwanzo, ambaye pia aliwahi kupiga na Leatherface wa Sunderland, alifariki mwaka 1998, na Leatherface waliokuwa wamevunjika walikusanyika tena baada ya kifo chake. Jambo la namna hiyo linaiyumbisha bendi yoyote. Hata hivyo mwaka huohuo wa 1998 ilitoka Tweet Tweet My Lark, ikafuata Numb Nuts mwaka 2000, Disposable Income mwaka 2003, kisha kimya kirefu, kisha 5-4-3-2-1 Perhaps? mwaka 2012 na There's a Lot of It About mwaka 2019.

#15 Dada wa Leeds

FundiRedio, Wajapani hawakuhitaji kuuelewa utani, kwa sababu hawakuwa wanasikiliza maneno bali mdundo. Mmarekani anaelewa kila neno na hapati maana. Hilo linaudhi zaidi kuliko kutoelewa kabisa. Hoja yangu bado ina pumzi.

#16 MtaaWaPili

Kuna kitu kingine kinachowaunganisha hawa Waingereza, nacho ni kriketi. Albamu ya Consumed ya mwaka 1999 inaitwa Hit for Six, ambayo ni pigo la kriketi la alama sita, na Snuff walipiga Soul Limbo ya Booker T. & the M.G.'s, ambayo kwa Mwingereza ni muziki wa BBC wa kutangazia kriketi. Wimbo ni wa Wamarekani, lakini ukiwapigia Wamarekani leo hawataona kriketi ndani yake. Sisi Wakenya tuliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 tungewaelewa vizuri kuliko wao.

#17 KipaSumbufu

Nilijua kwamba mwaka 2003 utatajwa. Katika uzi wowote, hata wa kilimo cha nyanya, Mkenya wa kriketi ataupenyeza.

Nimeisikiliza hiyo Demmamussabebonk kwa mara ya kwanza mchana huu, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Sina maelezo ya kwa nini hawakutajirika. Nina malalamiko kwamba tangu saa nane hadi sasa ninaimba wimbo ambao maneno yake siyajui.

#18 MzeeKanda

Basi umeingia, karibu. Dada alijua mwaka 2004, na nilimlipa kwa redio mpya. Masika nayashikilia.

#19 Kinanda cha Kanisa

Nimejaribu tena jana jioni, safari hii nikiwa nimeteremsha toazi la kulia ili nione mbele. Nilifika ubeti wa pili. Mwalimu wa kwaya aliingia katikati, akasimama mlangoni na mafaili yake kifuani, akasikiliza hadi nilipokosa pumzi, kisha akauliza kama hicho kinanda kinachosikika kwenye simu yangu tunaweza kukipata kwa ajili ya Pasaka.